Ndege uliyopanda huenda si ya aliyekuuzia tikiti

Kati ya mwaka 2016 na 2019, Mkenya aliyesafiri na Oman Air kupitia Maskati huenda alikaa ndani ya ndege ya nyumbani bila kujua. Nje ilipakwa rangi za Oman Air, wahudumu walivaa sare za Oman Air na tikiti iliandikwa Oman Air. Lakini Boeing 787-8 mbili katika kundi la shirika hilo zilikuwa zimekodishwa na Kenya Airways, na mkataba ulipomalizika zikarudi Nairobi. Mwaka huo huo wa 2016, Boeing 777-300ER tatu, ndege kubwa kuliko zote KQ iliyokuwa nazo, zilikwenda kufanya kazi Uturuki chini ya nembo ya Turkish Airlines.

Wengi wetu huku Pwani tunasafiri kwa ndege kwa mambo mazito: Umra na Hija, kazi za Ghuba, matibabu India, kuwaona jamaa Komoro, Oman au Ulaya. Tunauliza bei, tunauliza kilo za mizigo, tunauliza saa za kusubiri njiani. Swali moja hatuliulizi: ndege hii ni ya nani, na nani anaiendesha? Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo lina maana, kwa msafiri na kwa mlipa kodi.

Hesabu ya tajiri

Mtu wa Mombasa halihitaji somo refu kuelewa biashara hii. Tukutuku nyingi unazoziona Mwembe Tayari si za wanaoziendesha. Mwenye chombo ni tajiri aliyekaa kwake. Dereva anampelekea hesabu kila jioni, na kinachobaki ndicho chake. Siku ya mvua au ya maandamano, dereva hana abiria lakini hesabu iko pale pale.

Ndege ni vivyo hivyo, ila hesabu yake ni ya dola na inalipwa kwa mwezi. Karibu nusu ya ndege za abiria duniani hazimilikiwi na mashirika yanayozirusha. Wenye mali ni makampuni ambayo kazi yake ni kununua ndege na kuzikodisha. Kubwa kuliko yote ni AerCap, yenye makao Dublin, Ireland. Kampuni hiyo haikuuzii tikiti wala haina wahudumu, lakini ndege zake zinaruka chini ya majina ya mashirika mengi sana.

Kwa nini Ireland, nchi ndogo hivyo? Katika miaka ya 1970, shirika la Aer Lingus lilikuwa na Boeing 747 lisiloweza kuijaza msimu wa baridi. Mfanyakazi wake mmoja, Tony Ryan, alipewa kazi ya kuitafutia mpangaji, akampata Air Siam ya Thailand. Hapo akaona kwamba kuna fedha katika kuwapangisha wengine ndege, na mwaka 1975 akashiriki kuanzisha kampuni ya GPA mjini Shannon. Miaka kumi na baadaye yeye huyo na familia yake wakaanzisha Ryanair. Upande wa Marekani, kampuni ya ILFC ilikuwa imeanza kazi kama hiyo tangu 1973. Mbegu hizo ndizo zilizozaa biashara tunayoiona leo.

Shirika linakodi kwa sababu ndege kubwa mpya ni mali ya mamilioni mengi ya dola. Kuinunua ni kufunga fedha kwa zaidi ya miaka 20 katika biashara ambayo msimu mmoja mbaya unaiangusha. Anayekodi huanza na amana, analipa kodi ya mwezi, na baada ya miaka 6, 8 au 12 anairudisha.

Kukodi tupu na kukodi na watu wake

Kuna njia kuu mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa abiria.

Ya kwanza ni kukodi ndege tupu. Unapewa ndege peke yake. Marubani ni wako, mafundi ni wako, bima ni yako, mafuta ni yako. Ndege inapakwa rangi zako na kwa kawaida inaandikishwa katika nchi yako. Ndiyo maana Boeing 777 za KQ zilipokwenda kwa Waturuki ziliacha herufi za 5Y za Kenya na kuvaa TC za Uturuki.

Ya pili ni kukodi ndege pamoja na watu wake. Mwenye ndege analeta chombo, marubani na wahudumu, matengenezo na bima. Wewe unatia mafuta, unalipa ada za viwanja na unauza tikiti. Mikataba hii ni ya muda mfupi, na hutumika sana msimu wa Hija, msimu wa watalii, au ndege ya shirika inapoharibika ghafla. Hapa ndipo abiria hushangaa: amekata tikiti ya shirika analolijua, akifika mlangoni anakuta ndege nyeupe isiyo na jina na wahudumu wanaozungumza lugha nyingine.

Na kuna hali ya tatu, inayofanana na mambo yetu ya nyumba na ardhi. Mombasa tuna nyumba ambazo kuta na paa ni za mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine, anayelipwa kodi ya ardhi. Katika ndege, mwili unaweza kuwa wa kampuni moja na injini ya kampuni nyingine, kwa sababu injini peke yake ni mali kubwa na zipo kampuni zinazokodisha injini tu. Abiria anayechungulia dirishani huona bawa moja, lakini huenda anaangalia mali ya watu wawili.

Safari ya maisha

Tuifuate ndege moja tangu kiwandani. Miaka yake ya mwanzo ni ya heshima. Inakwenda kwa shirika kubwa, inapewa safari ndefu, viti ni vipya na kodi iko juu. Kila siku inaruka saa nyingi iwezekanavyo, kwa sababu ikiwa chini inakula bila kuzalisha.

Mkataba ukikaribia mwisho inaanza kazi ambayo abiria haoni. Ndege inaingizwa karakana. Mafundi wanatia kamera nyembamba ndani ya injini kutazama mapanga yake, wanakagua kutu, magurudumu na nyaya. Mkataba unaeleza hali ambayo ndege lazima iwe nayo siku ya kurudi, na kila upungufu una bei. Mara nyingi mpangaji huwa amekuwa akilipa, juu ya kodi, akiba ya matengenezo kwa kila saa iliyoruka, ili fedha za ukaguzi mkubwa ziwepo wakati wake ukifika.

Kisha zinakuja karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ndege si mfano tu. Baadhi ya vipande vya injini vina idadi ya safari vinazoruhusiwa, na vikifika hapo vinatupwa hata kama macho hayaoni kasoro. Fundi lazima aonyeshe historia ya kipande hicho tangu kilipotengenezwa. Kipande kizima kisicho na karatasi zake ni chuma tu. Ndege iliyopita katika mashirika manne na nchi tatu hubeba maelfu ya kurasa, na pengo la kurasa chache linaweza kuchelewesha makabidhiano kwa wiki nyingi huku kodi ikihesabiwa.

Baada ya hapo ndege inapata mpangaji wa pili. Rangi inabadilishwa, herufi za ubavuni zinabadilishwa, wakati mwingine viti vinabaki vile vile. Mpangaji wa pili mara nyingi ni shirika dogo kuliko la kwanza, na wa tatu dogo zaidi. Mkondo huo ndio unaoleta ndege za zamani katika nchi za kipato cha chini. Si jambo baya kwa lenyewe. Ndege ya miaka 20 iliyotunzwa vizuri ni salama. Tatizo ni pale umri unapoongezeka huku uwezo wa anayeitunza ukipungua.

Mwishoni kuna njia mbili. Baadhi hutolewa viti na kukatwa mlango mkubwa ubavuni ili zibebe mizigo, kama KQ ilivyofanya na Boeing 737-300 zake. Nyingine hupelekwa viwanja vikavu kama Teruel nchini Uhispania au Victorville huko California, ambako hungoja mpangaji. Asipopatikana, zinavunjwa. Injini hutoka kwanza, kwa kuwa katika ndege kuukuu ndizo zenye thamani kuliko mwili wote, kisha magurudumu, kompyuta na kila kipuri chenye karatasi. Hata ndege kubwa kuliko zote za abiria haikusalimika. Airbus A380 ya kwanza kabisa kubeba abiria wa tikiti, iliyoanza kazi na Singapore Airlines Oktoba 2007, ilirudishwa kwa wenyewe baada ya mkataba wa miaka 10, ikakosa mpangaji, ikavunjwa Tarbes, Ufaransa.

Ya KQ na mfuko wako

Turudi nyumbani. Mwaka 2012 KQ ilitangaza mpango wa Mawingu, wa kufikisha ndege 119 kufikia 2021. Boeing 777-300ER zikaanza kuingia 2013, na 787 ya kwanza ikafika Aprili 2014. Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Mwaka 2013 kulikuwa na shambulio la Westgate. Mwaka 2014 ukaja ugonjwa wa Ebola Afrika Magharibi, KQ ikasimamisha safari za Freetown na Monrovia. Hapa Pwani mwaka huo tunaukumbuka kwa Mpeketoni, kwa maonyo ya usafiri ya nchi za Magharibi, na kwa watalii wa Kiingereza waliorudishwa kwao mapema huku mahoteli yakifunga milango. Ndege ziliagizwa wakati wa matumaini zikafika wakati wa dhiki.

Katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2016, KQ ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2. Kuzikodisha zile 777 na 787 ilikuwa njia ya kupunguza maumivu. Dereva aliyechukua tukutuku kwa tajiri, akaona hana abiria, akamwachia mwenzake aiendeshe ili angalau hesabu ipatikane. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba unakodisha sokoni wakati kila mtu anajua una shida. Mwenzako anaweza kukupa kidogo kuliko unachodaiwa wewe, na pengo ni lako.

Mwaka 2017 madeni yalipangwa upya. Mabenki yaliyokuwa yakidai yakageuzwa wenye hisa, na Serikali ikabaki na asilimia 48.9. Kwa hiyo mkataba wa ndege unaposainiwa, anayebeba hatari si mkurugenzi peke yake. Ni mfanyabiashara wa Marikiti na mvuvi wa Gazi pia, kupitia ushuru wanaolipa.

Jirani zetu wa Tanzania wana somo chungu zaidi. ATCL ilikodi Airbus A320 kutoka kampuni ya nje, Wallis Trading, kwa dhamana ya Serikali. Ndege ikaanza kuruka 2008, ikafanya kazi kwa miezi tu, ikapelekwa ng'ambo kwa matengenezo makubwa ambayo shirika lilishindwa kuyagharimia. Chombo kilikuwa chini lakini kodi iliendelea kuhesabiwa, na deni likakua hadi mamilioni ya dola. Kilichoumiza ni mkataba uliosainiwa bila kuuliza swali ambalo dereva yeyote wa tukutuku angeuliza: chombo hiki kinakaribia kuingia gereji lini, na nani atalipa?

Nani anaweza kuizuia?

Deni la ndege hufuata mwenye mali. Agosti 2019, Airbus A220 ya Air Tanzania ilizuiwa Johannesburg kwa amri ya mahakama. Kesi haikuhusu ndege hata kidogo. Ilikuwa ya mkulima aliyekuwa akiidai Serikali ya Tanzania fidia ya mali zilizotaifishwa zamani. Ndege za ATCL wakati huo zilimilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, ambao ulizikodisha kwa shirika, kwa hiyo mdai aliona mali ya Serikali imetua mbele yake. Iliachiwa mapema Septemba, lakini abiria walikuwa wameshakwama.

Mfano wa upande wa pili ni Urusi. Baada ya kuvamia Ukraine mwaka 2022, vikwazo viliwalazimu wakodishaji wa Magharibi kuvunja mikataba na mashirika ya Urusi. Zaidi ya ndege 400 zilibaki huko. Wenyewe walikuwa na hati zote, lakini ndege ziliendelea kuruka ndani ya Urusi bila idhini yao. Hati ya umiliki ina nguvu pale tu ambapo mahakama na viwanja vinakubali kuitii.

Somo la Moroni

Sasa tufike kwenye lililo zito. Juni 2009, familia za Kikomoro zilizokuwa zikiishi Ufaransa zilianza safari ya kwenda nyumbani kwa likizo na harusi. Kutoka Paris na Marseille walipanda Airbus A330 ya Yemenia. Sana'a wakahamishiwa ndege nyingine, Airbus A310 iliyotengenezwa 1990. Mwenye ndege hiyo alikuwa ILFC, kampuni ya Marekani tuliyoitaja juu. Yemenia ilikuwa ikiiendesha tangu 1999, na ilikuwa imesharuka zaidi ya saa 50,000.

Usiku wa kuamkia Juni 30 ilianguka baharini karibu na Ngazidja ikijiandaa kutua Moroni. Ndani kulikuwa na watu 153. Aliyepona ni mmoja, Bahia Bakari, binti wa miaka 12, aliyeshikilia kipande cha ndege kwa saa nyingi hadi akaokolewa. Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Waziri wa uchukuzi wa Ufaransa wakati huo, Dominique Bussereau, alieleza kwamba ndege ile ilikaguliwa Ufaransa mwaka 2007, ikaonekana na kasoro kadhaa, na tangu hapo haikurudi huko. Tusimwonee mtu: uchunguzi ulisema ajali ilisababishwa na namna marubani walivyoiendesha wakati wa kujaribu kutua usiku, si ubovu wa ndege. Mwaka 2022 mahakama ya Paris iliitia Yemenia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikaitoza faini ya euro 225,000.

Lakini jambo moja linabaki kwetu tunaoishi kando ya bahari hii hii. Abiria walikata tikiti moja, kwa jina moja, na wakarushwa kwa vyombo viwili vya viwango viwili. Cha kwanza kilitua Ulaya, mbele ya wakaguzi wakali. Cha pili kilifanya kazi ambako macho yalikuwa machache. Mwenye mali alikuwa mbali, mwendeshaji alikuwa Yemen, na msafiri hakuwa na njia ya kujua hadi alipofika mlangoni.

Ufanye nini?

Kwanza, unapokata tikiti, tafuta mstari mdogo unaosema safari inaendeshwa na nani. Jina la anayeendesha linaweza kuwa tofauti na lile lililoandikwa kwa herufi kubwa. Wakala akishindwa kukueleza, mwambie akuandikie.

Pili, soma herufi zilizo ubavuni karibu na mkia. 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, A4O Oman, TC Uturuki, EI Ireland, N Marekani. Herufi hizo hazikuambii mwenye mali, lakini zinakuambia ni nchi gani iliyoiandikisha. Kwa sheria za kimataifa, nchi hiyo ndiyo yenye jukumu la kuhakikisha ndege inafaa kuruka, isipokuwa imekubaliana na nchi nyingine kulikabidhi.

Tatu, angalia kama shirika linaloendesha safari limo katika orodha ya mashirika yaliyopigwa marufuku na Umoja wa Ulaya. Orodha hiyo iko wazi kwenye intaneti na kuisoma hakulipiwi.

Nne, jua haki yako. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999. Pale mkataba huo unapotumika, aliyekuuzia tikiti na aliyekurusha wote wawili wanaweza kudaiwa. Ukiambiwa "ndege si yetu, nenda kwa wale," usikubali kuzungushwa. Malalamiko ukiyapeleka kwa mmoja wao yanahesabika kwa wote. Yaandike: siku 7 kwa mzigo ulioharibika, siku 21 kwa uliochelewa, tangu ulipoupokea. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2.

Ndege ya kukodi si ndege mbaya. Bila kukodi, nauli zingekuwa juu zaidi na mashirika madogo yasingekuwepo kabisa. Zamani abiria wa jahazi alimjua nahodha kwa jina, na akauliza chombo ni cha nani kabla hajapandisha mzigo wake. Uwanja wa ndege hatuwezi kumjua rubani, lakini swali la mwenye chombo na mwendeshaji wake bado ni letu kuliuliza, na la kuliuliza kabla hatujalipa.